Kifyatulio cha Nyuma

4 Machi

Kwa Fundi wa Bunduki,
Karakana ya nyuma ya kituo cha mafuta

Fundi,

Salamu. Mimi ni mke wa marehemu Shabaha. Kama umemsahau hiyo ni aibu yako, maana bunduki yake uliitengeneza wewe miaka mitano iliyopita, ile ya mitutu miwili yenye kitako kilichofungwa waya wa shaba. Miezi mitatu baada ya hapo alifariki, bunduki ikabaki kwangu na leseni ikaandikwa jina langu. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nimesoma hadi darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza, kwa hiyo ukiona herufi zimelala usicheke, wewe soma.

Shida ni hii. Jumapili moja, wiki mbili zilizopita, nguruwe pori waliingia kwenye mahindi yangu mchana kweupe, kama wamealikwa. Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pekee, alikuwa amekuja kunisalimia. Ni mwalimu wa hesabu, mtu wa chaki, mikono laini kama ya mtoto wa juzi. Nikatia risasi mbili, tukatoka. Kufika kwenye mtaro nikampa anishikie bunduki ili nivuke. Basi. Mshindo! Marisau, zile chembe za risasi, ya mtutu wa kushoto yote yakaingia mguuni kwake. Hospitali wamemkata vidole viwili na kipande cha cha tatu.

Nilimwambia palepale, "Umegusa kifyatulio!" Naye yuko chini, damu inatoka, ananijibu, "Mama, sikugusa." Mpaka leo wimbo ni huohuo. Kwani bunduki ina akili, inajifyatua yenyewe? Watu wamempa jina, wanamwita Bwana Sikugusa, hata wanafunzi wake. Binti yangu alimwambia akubali kosa yaishe, akakataa, wakakosana. Sasa binti yuko kwangu, na mume yuko kwenye nyumba ya shule na magongo yake. Jumapili tarehe 30 wazee wa pande zote mbili watakaa. Upande wake wanasema tumemfanya kilema halafu tunamwita mwongo. Ndoa ya miaka kumi na moja inaning'inia.

Askari wa leseni ameichukua bunduki, anataka fundi aikague. Mimi nataka barua fupi kutoka kwako: bunduki ni nzima, aliyekosea ni aliyeishika. Usizungushe maneno.

Ni mimi,
Mke wa Shabaha


9 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Marehemu sijamsahau. Aliingia hapa akanikuta najisifu kwamba nimesafisha mtutu, akachungulia akasema, "Umeacha vumbi la mwaka jana." Nilikasirika, halafu nikasafisha upya. Pole kwa yaliyowapata, na umpe mkweo pole yangu.

Barua unayoitaka siwezi kuiandika kabla sijaiona bunduki. Mgonjwa hatibiwi kwa kusimuliwa. Ila kabla askari hajaileta, nisaidie kujua dalili zake. Bunduki yako ina vifyatulio viwili, cha mbele ni cha mtutu wa kulia na cha nyuma ni cha mtutu wa kushoto. Je, vyote viwili ni vizito sawa unapovuta, au kimoja kimekuwa chepesi? Kuna kinachokataa? Umewahi kuifunga bila risasi ukasikia kitu kinaanguka ndani bila kuguswa? Mafuta gani mnatia? Na kubwa kuliko yote, nani ameifungua tangu itoke hapa kwangu? Hili la mwisho nijibu vizuri, Mama, kwa sababu chuma hakibadiliki bila mkono wa mtu.

Ikirudi mikononi mwako kwa namna yoyote, usiitie risasi.

Wako mtiifu,
Fundi


13 Machi

Fundi,

Maswali yako ni mengi kuliko ya askari. Niliomba barua, nimeletewa mtihani. Haya.

Cha mbele kinakataa mara mojamoja. Unavuta, unavuta, kama unamvuta punda, halafu kinaitika ukiwa umeshakata tamaa na nguruwe ameshafika kwao. Cha nyuma ni chepesi. Najua utauliza chepesi kiasi gani. Ni chepesi. Tangu lini, sikumbuki, mimi si kalenda.

Kusikia kitu kinaanguka, ndiyo, mara moja niliifunga ikalia "ta" yenyewe. Nikaona ni uzee. Hata mimi nikikaa chini magoti yanalia na hakuna anayeniita mbovu. Mafuta natia ya cherehani, yakiisha natia ya kupikia. Mafuta ni mafuta.

Nani ameifungua? Hakuna. Narudia ili usiniulize tena, hakuna. Mkono wa mwisho kuingia ndani ya bunduki ile ni wako.

Askari ameniahidi itakufikia Jumanne. Wewe ni mtu wa kazi, mkwe wangu ni mtu wa maneno. Natumaini mtu wa kazi atanisaidia.

Mke wa Shabaha


19 Machi

Mama,

Shikamoo. Bunduki ilifika jana na leo nimemaliza kuikagua. Kaa kitako ndipo usome.

Kifyatulio cha mbele hakina ugonjwa. Mafuta ya kupikia yamegeuka gundi humo ndani, nimeyasafisha, kinaitika vizuri. Cha nyuma ndicho chenye neno. Niliikaza nyundo ya kushoto, kile chuma cha ndani kinachopiga risasi, mtutu ukiwa mtupu, nikagonga kitako kwa nyundo ya mpira, taratibu tu, kama mtu anayeruka mtaro. Nimegonga mara kumi. Mara saba nyundo imeanguka yenyewe, na kidole changu kilikuwa mfukoni. Mkweo anasema kweli. Hakugusa.

Nikaifungua. Nyundo ya ndani huzuiwa na ulimi mdogo wa chuma unaoingia kwenye pengo. Pengo likiwa na kina, ulimi unakaa. Pengo la kushoto limepigwa tupa mpaka ulimi unashikilia kwa ncha, kama mtu aliyening'inia dirishani kwa kucha. Vichwa vya skrubu ni visafi kabisa. Mtu asiye fundi huviparua, hivi havikuparuliwa. Na wewe umeniambia mkono wa mwisho ni wangu.

Mama, nimekaa na jambo hili tangu asubuhi. Siku ile marehemu alileta bunduki nibadilishe springi. Nakumbuka springi. Tupa siikumbuki. Lakini mwaka ule nilikuwa nafanya kazi nyingi kwa haraka, na kutokukumbuka si ushahidi. Baba yangu aliyenifundisha kazi alinikataza mambo mengi ila hili alinikataza kwa kofi: pengo hilo halipigwi tupa. Inaonekana nililipiga. Vidole vya mkweo nimevikata mimi.

Nimemwandikia askari wa leseni kwamba narudisha kibali changu cha ufundi. Tarehe 30 nitakuja mwenyewe, niwaambie wazee.

Mwenye aibu,
Fundi


22 Machi

Fundi,

Usije.

Mambo ya ukoo si mkutano wa hadhara. Barua yako nimeisoma na nimeiweka mahali. Kwa nini umekimbilia kumwandikia askari? Nani alikutuma? Watu wa siku hizi hamjui kukaa na jambo hata siku mbili.

Andika hivi: bunduki imezeeka, chuma kimechoka. Hapo hakuna aliyekosea, si wewe wala si mkwe wala si mtu mwingine. Wazee watasema ni ajali, binti atarudi kwa mumewe, nawe utaendelea na kazi yako. Mimi nakutafutia njia ya kutokea, wewe unajifungia ndani.

Jibu upesi.

Mke wa Shabaha


25 Machi

Mama,

Shikamoo. Naona huruma yako na ninaishukuru, lakini barua hiyo siandiki. Chuma kikichoka hupasuka au hulika. Hakijikwaruzi mistari ya tupa.

Kibao cha karakana yangu nimekishusha juzi. Bunduki za watu nimezirudisha kwa askari, hata zile nilizokuwa nimezimaliza, kwa sababu sasa siiamini kazi yangu. Mke wangu ananiuliza nitafanya nini na mikono hii.

Jana nilikwenda shuleni kumwona mkweo. Sikuweza kungoja tarehe 30. Nilimkuta anasahihisha madaftari, mguu umewekwa juu ya kigoda, ubaoni watoto wamechora bunduki na yeye hajaifuta. Nikamwambia, "Mwalimu, aliyekuumiza ni mimi. Pengo nililipiga tupa mimi." Akaweka kalamu chini. Akasema, "Fundi, rudisha kibao chako. Si wewe." Nikamuuliza, kama si mimi ni nani? Akasema, "Mimi ni mkwe pale. Kuna vitu mkwe huviona mezani na havitaji." Halafu akaendelea kusahihisha madaftari.

Sikumwelewa. Nimeona nikuandikie, labda wewe utaelewa. Nisipopata neno kutoka kwako, tarehe 30 nipo.

Fundi


27 Machi

Fundi,

Kipandishe kibao chako. Leo. Weka barua hii chini, kakipandishe, ndipo uendelee kusoma.

Nimeifungua mimi.

Usijitie kushangaa. Nilimwona marehemu akiifungua miaka thelathini na nane, ningeshindwa nini? Nina cherehani, na bisibisi yake inaingia kwenye skrubu zile kama kidole kwenye pete. Ndiyo maana hukuona mparuzo. Tupa ni ya kunolea jembe.

Utataka kujua kwa nini, maana wewe kwa kuuliza hujambo. Vidole vyangu vimekakamaa. Asubuhi siwezi kufungua hata kifuniko cha chupa, nakibana mlangoni. Hilo binti yangu halijui, nawe usiliseme. Mwaka jana nilimlenga nguruwe dume, hatua kumi, kifua wazi. Nikavuta cha mbele, kimegoma. Nikavuta cha nyuma, kidole ndicho kikagoma. Nguruwe akaniangalia. Akaendelea kula. Na jirani yangu yuko upande wa pili wa ua, ameona yote, ananiambia, "Bibi, hiyo sasa mpe mkweo. Wewe chungu kinakutosha." Mimi! Mke wa Shabaha, niliyempiga nguruwe anakimbia, marehemu akanivulia kofia mbele ya watu!

Wiki hiyohiyo nikaifungua. Nilisugua kidogo, nikajaribu. Nikasugua tena. Mwisho nikavuta kwa kidole kimoja kigonjwa, ikaitika. Nilicheka peke yangu kama msichana. Nilipoona cha nyuma kimenyooka, Jumapili ile asubuhi nikaitoa tena, nikakipitishia tupa kidogo, halafu nije nifanye na cha mbele. Nikabishiwa hodi. Ni mkwe. Nikafunga harakaharaka, lakini bisibisi na tupa zilibaki juu ya cherehani, na unga wa chuma juu ya kitambaa cheupe. Akakaa palepale, akanywa chai palepale. Nilidhani mtu wa chaki haoni.

Nilipompa bunduki kwenye mtaro ilikuwa imejaa. Marehemu angenizaba kibao kwa hilo peke yake.

Sasa sikiliza nikuambie lile linaloninyima raha, kuliko tupa, kuliko vidole. Nilijua kabla moshi haujaisha. Neno "umegusa" lilinitoka kabla yeye hajafika chini. Mtu bado anaanguka, mimi nimeshajitetea! Halafu nikalisema tena kwa majirani, na tena hospitalini, na kwa binti yangu, na kwako. Kila nikilisema lilikuwa jepesi zaidi. Nilikutwisha na wewe mzigo nikaona una mabega. Ulipojibu kwamba kosa ni lako, Mungu anisamehe, pumzi zilinishuka. Nilifurahi, fundi. Siku nzima nilifurahi. Siku ya pili nikashindwa kumeza chakula.

Tarehe 30 nitasema mwenyewe. Usije. Safari hii sikuzuii ili nijifiche. Nikikuona pale nitapata wa kuegemea, na sistahili egemeo.

Askari mwandikie kwamba leseni yangu naileta.

Mimi


2 Aprili

Kwa Mwalimu,
Nyumba za shule

Mkwe wangu,

Binti yangu amekwisha kukuambia, najua, lakini yeye amekuambia nilichosema. Mimi nitakuambia nilichonyamazia.

Wazee walikaa, saba wa kwetu na sita wa kwenu. Kabla sijafungua mdomo, baba yako mdogo akatoa karatasi, akasema hukuweza kuja kwa sababu ya mguu, umetuma barua. Akaisoma. "Niligusa. Namwomba Mama radhi kwa kumfanya aonekane mwongo. Namwomba mke wangu arudi nyumbani." Basi. Mistari mitatu.

Wa kwetu wakapumua. Wa kwenu wakainamisha vichwa. Mtu akasema, "Si angesema hivi tangu mwanzo?" Chai ikaletwa.

Nikaipokea.

Mwalimu, nilikunywa ile chai. Kikombe kizima. Nilikuwa nimejiapiza kusema, nimefanya mazoezi mbele ya kuku siku tatu, na nilipofunguliwa mlango wa kutokea nikaketi mlangoni nikanywa chai. Walikuwa wanapongezana. Binti yangu alikuwa analia, akasema, "Jamani, kumbe kweli aligusa. Miaka kumi na moja hajanidanganya, kwa nini alianza na hili?" Hapo ndipo kikombe kilipokuwa kitupu, na mimi sikuwa na kitu kingine cha kushika.

Nikasimama nikapiga kelele, "Mwongo!"

Kaka yangu akasema, "Dada, inatosha, ameshaomba radhi." Wamezoea, unaona. Walidhani nakutukana wewe, kama kawaida. Ikabidi niwapigie kelele mara ya pili: "Mwongo ni yeye kwa sababu ameandika aligusa! Hakugusa! Bunduki niliiharibu mimi kwa tupa ya jembe, na yeye alijua, na amekula aibu yangu mwezi mzima!" Nikawaonyesha vidole. Sijawahi kuonyesha watu vidole hivi. Mama yako alinyanyuka akanirudisha kwenye kiti, yeye ambaye nilimkalisha siku tatu kwenye benchi la hospitali nikimwambia mwanawe hana adabu na vyombo vya watu. Alinishika mkono polepole, kwa sababu alikuwa ameviona. Ningependelea anipige.

Binti yangu alifunga nguo zake, akapita mbele yangu, hakuniaga. Ana haki. Nilimlea mimi, na hasira hiyo ni yangu.

Bunduki imebaki kwa askari. Fundi amenitumia salamu kwamba kibao kiko juu na ametuliza roho. Ameniita Mama, bado. Nguruwe waje wale, ndio wageni wangu sasa.

Sikuombi unisamehe. Kuomba ni kazi rahisi, na nimechoka na kazi rahisi. Ila nina neno moja. Siku ile kwenye mtaro ulinijibu "Mama, sikugusa", na mimi nilikusikia. Nataka ujue kwamba nilikusikia.

Jumamosi tarehe 12 nitakuja hapo kwenu. Najua mama mkwe hajipeleki tu kwa mkwe, lakini miguu yangu bado mizima na ya kwako niliigusa mimi. Sitaingia. Nitabisha mara moja. Usipofungua nitaelewa, nitageuka nirudi zangu, nawe usijisumbue kutoa sababu.

Mama mkwe wako


7 Aprili

Mama,

Shikamoo. Njoo.

Ila ukibisha, ungoje. Usigeuke upesi ukadhani nimekukatalia. Siku hizi nachelewa kufika mlangoni.

Mwanao,
Mwalimu